Grili Iliyommeza Mjomba

Ndugu msomaji, historia tuliyofundishwa shuleni ilikuwa ya vita, mikataba na wakubwa waliopandisha bendera. Mimi nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, na tangu hapo naandika riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Naomba niiweke kando kidogo. Nataka kusimulia historia ya kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kukiuliza kwenye mtihani: kile chuma chenye nafasi nafasi kinachofunika mtaro barabarani. Mafundi wa kwetu Mbezi Beach wanakiita grili, nami nitakiita hivyo hivyo.

Nianze na mjomba wangu. Yeye alikuwa muuza maziwa. Kila alfajiri alifunga madumu mawili kwenye keria ya Phoenix yake nyeusi, ile ya magurudumu makubwa ya inchi 28, akashika Barabara ya Bagamoyo mpaka Tangi Bovu, kisha akaingia mitaa ya upande wa baharini. Wateja walimjua kwa kengele. Siku hiyo ilikuwa masika, mvua imepiga usiku kucha. Mjomba akakata kona kuingia mtaani. Pale mdomoni mwa mtaa mtaro unapita chini, na juu yake kuna grili. Maji yalikuwa yamefunika kila kitu, rangi yake kama chai ya maziwa. Gurudumu la mbele likazama katikati ya nondo mbili. Baiskeli ikasimama, mjomba hakusimama.

Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia na meno mawili ya mbele. Maziwa yakaenda na maji. Watu walioshuhudia wakasema, "Mzee naye angepunguza mwendo." Wengine wakalaumu mvua. Mwenyewe alisema ni mipango ya Mungu. Mimi sina ubishi na Mungu, lakini mvua ilipokatika nilichukua rula yangu ya shule nikarudi pale. Tairi la Phoenix lina upana wa milimita 40 hivi. Nafasi kati ya nondo na nondo ilikuwa milimita 55. Nikabaki nimechuchumaa pale kama mwehu, magari yananipigia honi. Kumbe haikuwa ajali, bwana. Ilikuwa hesabu, na jibu lake lilikuwa limeandikwa siku nyingi kabla mjomba hajapita.

Nani aliyeiandika hesabu ile? Ndipo nilipoanza kusoma.

Kwanza tuelewe tabia ya maji. Maji ya mvua hukimbia pembeni mwa barabara, yakifuata mwelekeo ule ule wa barabara. Ukilaza nondo zako kufuata mwendo wa maji, yanadondoka mtaroni bila kizuizi. Ukizilaza za kukatiza, maji yenye kasi huruka juu yake na kuendelea na safari. Kwa hiyo mhandisi anayewaza maji peke yake atalaza nondo kufuata barabara. Tatizo ni kwamba mpanda baiskeli naye anafuata barabara, tena pembeni kule kule alikosukumwa na magari. Grili nzuri kuliko zote kwa maji ni mtego mzuri kuliko yote kwa baiskeli. Mwenye gari haoni kitu, maana tairi lake ni pana.

Wamarekani walilijua hili kwa maumivu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi yao ilishikwa na homa ya baiskeli. Mwaka 1973 ziliuzwa milioni 15 hivi, zaidi ya magari. Nyingi zilikuwa za gia kumi na tairi jembamba. Grili zao zilikuwa zimetengenezwa katika zama ambazo mtu mzima juu ya baiskeli alikuwa nadra kuonekana. Basi idara yao ya barabara kuu ikaagiza uchunguzi, na kazi ikafanyika kwenye maabara ya maji huko Denver. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1977. Walizichukua grili za miundo mbalimbali, wakazimwagia maji, wakazipitishia takataka, kisha wakawapandisha watu baiskeli wapite juu yake.

Walichokiona ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Grili ya nondo za kufuata barabara, zenye nafasi pana, ilimeza maji vizuri sana lakini haikufaa kwa baiskeli. Grili ile ile ilipoongezewa vyuma vya kukatiza kila baada ya milimita 100, ikawa ya kwanza kwa usalama wa baiskeli. Nyingine, yenye matundu kama sega la nyuki, ilishika nafasi ya pili kwa usalama, lakini ikawa ya pili kutoka mwisho kwa kupitisha takataka. Na ile yenye mapezi yaliyopinda, iliyokuwa ya kwanza kwa takataka, ilikuwa karibu na mkia kwa baiskeli. Maana yake kila grili ina deni lake, na swali ni nani atakayelilipa.

Ulaya nao waliweka sheria. Kiwango chao cha vifuniko vya barabarani, EN 124, kilichorekebishwa mwaka 1994, kinasema kwamba kwenye barabara za magari nafasi zinazofuata mwendo wa magari zisizidi milimita 32 kwa upana. Zile za kukatiza zinaruhusiwa kufika milimita 42. Nilipoisoma nikakumbuka 55 zangu.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatukuwa taifa lisilojua baiskeli. Katika miaka ya 1970 tulikuwa na kiwanda chetu, NABICO, kilichotengeneza baiskeli za Swala. Wazee wengi wanaikumbuka Swala kama mtu anavyomkumbuka ng'ombe aliyemsomesha. Mwaka 1983 daladala zikaruhusiwa rasmi jijini, barabara zikajaa, na mwenye baiskeli akasogea pembeni, kisha akasogea tena.

Mvua nazo hazikutusubiri. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mafuriko makubwa, watu zaidi ya arobaini wakafa, na familia za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya msiba ule kila mtu alizungumza mitaro. Barabara ya Bagamoyo kati ya Mwenge na Tegeta, kilomita 12.9, ilipanuliwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 2014. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukajenga barabara na mitaro mingi katika manispaa za jiji. Ni jambo jema, na silibezi. Lakini kila mtaro unaochimbwa hukata njia ya mtu, na kila inapokatwa njia panatakiwa kifuniko. Serikali haiwezi kusimama kwenye kila geti. Mwenye nyumba anamwita fundi, mtaa unachanga, grili inalazwa. Mchoro hakuna.

Nilimfuata fundi mmoja wa kuchomelea, mtu mzima, nikamuuliza kwa nini analaza nondo vile. Akanitazama juu ya miwani yake myeusi.

"Dogo, nondo unailaza kukatiza mtaro. Ndiyo njia fupi, ndiyo yenye nguvu. Ukiilaza kwa urefu wa mtaro, gari likipita inapinda."

Nikaona ana haki. Lakini hebu simama pale mdomoni mwa mtaa, msomaji. Nondo inayokatiza mtaro ndiyo hiyo hiyo inayofuata njia ya anayeingia mtaani. Fundi aliwaza uzito wa gari, akapatia. Baiskeli haikumjia akilini, kwa sababu hakuna aliyemtuma aiwaze.

Nikamweleza habari za Denver. Akachukua chaki, akapiga hesabu sakafuni. Grili ya urefu wa mita 3 juu ya mtaro wa sentimita 60 inahitaji vyuma vitano vya juu, kila kimoja mita 3. Jumla mita 15. Nondo moja ya dukani ni mita 12.

"Nondo moja na robo," akasema, kisha akanyamaza kidogo. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu, fundi."

"Na taka je?"

Hapo alinishika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa zipo, majani yapo, na vyuma vya kukatiza huzinasa. Grili salama inadai ufagio kabla ya mvua. Tena inadai ulinzi, maana chuma chakavu kina soko, na grili isiyochomelewa kwenye fremu yake inaweza kulala barabarani ikaamkia kwenye mizani. Shimo lililo wazi ni baya kuliko nondo mbovu. Ndiyo sababu wengine wanapendelea mfuniko wa zege wenye matundu membamba, hauuziki.

Hapa jijini kipo chama cha wapanda baiskeli, UWABA, ambacho kimeandaa misafara ya kudai njia salama. Nawaunga mkono. Ila njia ya baiskeli inaanzia pale unapotoka nyumbani, na kwetu pale pana grili.

Tulichanga. Walitoa wenye magari na wasio na magari, na mama mmoja muuza mihogo alitoa kabla ya wote. Fundi akaongeza vile vyuma, akachomelea fremu. Siku ya kumaliza, mjomba alikuja kuangalia. Hakupanda. Aliisukuma Phoenix yake kwa mkono wa kushoto, ikapita, akairudisha, ikapita tena. Kisha akanikabidhi.

Siku hizi maziwa napeleka mimi. Mkono wa mjomba haukurudi kama zamani, na meno hayaoti mara mbili kwa mtu wa umri wake. Kwenye njia yangu nimehesabu grili kumi na moja. Tumetengeneza moja. Kwenye zile kumi nashuka, nasukuma, napanda tena, na wateja wanalalamika kwamba nachelewa. Riwaya nayo inachelewa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe, ndugu yangu, una milimita 55. Ukiwa na rula, toka nje ukapime wa kwenu kabla ya masika.