Mchagua Nazi Hupata Koroma? Historia ya Kulazimishwa Kazi Yoyote



Katika nyumba zetu nyingi, baada ya futari, mazungumzo hayachukui muda kufika kwa vijana wasio na kazi. Mzee atasema, "Kazi ni kazi." Mama ataongezea, "Mchagua nazi hupata koroma." Na wewe uliye na cheti chako kwenye bahasha utanyamaza, maana hutaki kuwajibu wakubwa.

Sasa hebu fikiria kwamba maneno hayo hayasemwi na mzee wako bali na sheria ya nchi. Serikali inakupa posho kidogo kwa sababu huna kazi, kisha inakuambia: kazi yoyote tutakayokuonyesha uichukue, la sivyo tunakukatia. Ndivyo ilivyo katika nchi kadhaa za Ulaya, na ndugu zetu wanaoishi huko wanalijua jambo hili vizuri. Je, lilianzaje? Na sisi huku linatuhusu nini? Tutaitazama Uingereza zaidi, kwa sababu mambo haya yameandikwa katika sheria zake tangu zamani, na kwa sababu serikali hiyo hiyo ndiyo iliyotutawala.

Nyumba za kazi

Tangu mwaka 1601 sheria ya Uingereza ilizitaka parokia zitoze kodi ya kuwasaidia maskini wao. Wazee na wagonjwa walisaidiwa, na mwenye nguvu alitakiwa apewe kazi. Kufikia miaka ya 1830 wenye mali walilalamika kwamba kodi hiyo imekuwa mzigo na kwamba maskini wamezoea kulishwa. Ndipo mwaka 1834 ikapitishwa sheria mpya ya maskini.

Msingi wake ulikuwa huu: hali ya anayesaidiwa lazima iwe mbaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa anayejitegemea. Kama kibarua huyo anakula mkate mkavu, wewe unayesaidiwa ule chini ya hapo. Ukitaka msaada, uingie katika nyumba ya kazi. Mume huwekwa upande wake, mke upande wake, watoto kwao. Watu walivunja mawe, wakachambua kamba kuukuu za meli, wakaponda mifupa ya wanyama ili itiwe mashambani kama mbolea.

Mwaka 1845 iligunduliwa kwamba katika nyumba ya kazi ya Andover watu walikuwa na njaa kiasi cha kugombania mifupa ile, wakifyonza uboho na kutafuna mabaki ya nyama. Bunge likachunguza, na mwaka 1847 tume iliyosimamia nyumba hizo ikaondolewa, ikaja bodi nyingine. Lakini nyumba zenyewe zilibaki.

Lengo la yote hayo lilikuwa wazi. Nyumba ile ilitakiwa iwe ya kutisha ili kazi yoyote nje, kwa mshahara wowote, ionekane nafuu. Yaani hata yule ambaye hakuingia ndani yake aliishi akiiogopa.

Bima ya 1911 na haki ya kusema "hapana"

Baada ya miaka mingi fikra zilianza kubadilika. Watu walitambua kwamba fundi anaweza kukosa kazi bila ya kuwa mvivu. Meli hazijengwi mwaka huu, au msimu wa ujenzi umekwisha: kosa lake ni lipi? Mwezi Februari 1910 serikali ilifungua ofisi za kuwakutanisha wanaotafuta kazi na waajiri. Waziri aliyesimamia mpango huo alikuwa Winston Churchill, akisaidiwa na William Beveridge. Shika jina la Churchill, tutakutana naye tena.

Mwaka 1911 ikaja sheria ya bima ya taifa. Wafanyakazi zaidi ya milioni mbili wa ujenzi, meli na mitambo waliingizwa katika bima ya ukosefu wa kazi. Mfanyakazi alichanga, mwajiri akachanga, na serikali ikaongeza. Aliyekosa kazi alilipwa shilingi 7 kwa wiki, kwa muda usiozidi wiki 15 kwa mwaka. Malipo ya kwanza yalitoka Januari 1913.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ile ilimtaka mtu akubali kazi inayomfaa, lakini ikamruhusu kukataa bila kupoteza posho katika hali tatu. Kwanza, kama nafasi imepatikana kwa sababu wafanyakazi wamegoma. Pili, kama kazi iko pale pale anapofanyia kazi siku zote, lakini mshahara au masharti ni duni kuliko aliyozoea kupata. Tatu, kama kazi iko mahali pengine, na malipo yako chini ya kiwango cha kawaida cha huko.

Kwa nini waliweka hivyo? Vyama vya wafanyakazi viliogopa kwamba ofisi za serikali zitageuzwa kuwa mlango wa kuvunjia migomo na kushusha mishahara. Piga hesabu mwenyewe. Fundi mwenye njaa akilazimishwa kufanya kazi kwa nusu ya mshahara, kesho mwajiri atamwambia fundi mwenzake aliye kazini, "Wewe pia chukua nusu, au uondoke." Kwa hivyo haki ya yule mmoja kukataa ilikuwa ngao ya wote, hata wale ambao hawakuwahi kuchukua posho.

"Thibitisha kwamba unatafuta"

Ngao hiyo haikudumu bila kutobolewa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha 1918, wanawake wengi waliokuwa wakitengeneza silaha viwandani waliachishwa. Walipewa posho ya muda, lakini ofisi zikawaambia kuna kazi za utumishi wa nyumbani: kufua, kupika, kulala kwa tajiri. Wengi waliokataa walikatiwa. Mwanamke aliyeendesha mashine miaka mitatu akaambiwa ujuzi wake si kitu.

Mwaka 1921 wasio na kazi walipita milioni mbili, na serikali ikaweka sharti jipya: muombaji athibitishe kwamba anatafuta kazi kwa dhati. Mwanzoni lilihusu malipo ya ziada tu, lakini mwaka 1924 likaenezwa kwa waombaji wote. Angalia mzigo ulivyohamishwa. Si ofisi tena iliyotakiwa kuonyesha kwamba kazi ipo na wewe umeikataa. Ni wewe utakayeeleza: jana ulikwenda wapi, ulibisha mlango gani, juzi je? Katika miji ambayo migodi imefungwa na kila mtu anajua hakuna kazi, wanaume walizunguka kutoka lango hadi lango ili wapate la kusema mbele ya kamati. Katika miaka ile ya 1920 maombi yapatayo milioni tatu yalikataliwa kwa sababu ya sharti hilo moja.

Mwaka 1930 Bunge lililifuta. Waziri wa kazi alikuwa Margaret Bondfield, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la Uingereza. Tangu hapo ikawa ni lazima ionyeshwe kwamba kazi inayofaa ilikuwepo na mtu akaikataa.

Na huku kwetu je?

Ndugu msomaji, usidhani miaka hiyo sisi tulikuwa watazamaji. Kenya hapakuwa na posho ya wasio na kazi, lakini shinikizo la kukubali kazi yoyote lilikuwepo, tena kali zaidi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa 1901, na ililipwa kwa fedha. Mwenye shamba na mbuzi lakini hana fedha angezipata wapi? Kwa wengi jawabu lilikuwa shamba la mzungu, kwa mshahara aliopanga mzungu. Mwezi Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka akiwataka maafisa wa serikali wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwa walowezi. "Kuhimiza" kwa afisa mwenye askari, unajua mwenyewe maana yake.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Mwanamume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ndani yake mliandikwa mwajiri na mshahara. Ukiondoka bila mwajiri kutia sahihi, unatafutwa kama mhalifu.

Na Churchill? Mwaka 1921 alikuwa waziri wa makoloni. Mwaka huo huo, baada ya kelele nyingi huko Uingereza kuhusu waraka wa Northey, alituma maagizo kwamba maafisa wa serikali wasishiriki kuwatafutia watu binafsi vibarua. Lakini kodi na kipande vilibaki. Machi 1922 Harry Thuku, aliyepinga mambo hayo, alikamatwa, na watu zaidi ya 20 wakauawa kwa risasi Nairobi walipokusanyika kudai aachiliwe.

Linganisha basi. Huko Uingereza mtu alilazimishwa kwa kuogopa kukatiwa posho, na huku kwetu kwa kuogopa kodi na jela. Njia ni mbili, ila wote wawili walifikishwa mahali ambapo hawana nafasi ya kusema "hapana", na aliyefaidika ni anayetaka kibarua rahisi.

Kutoka Jarrow hadi zama zetu

Mwaka 1931 Uingereza ilileta kipimo cha uwezo wa nyumba nzima. Afisa alikuja kuangalia una fenicha gani, na kijana wako analipwa ngapi. Mshahara wa mtoto ulihesabiwa, posho ya baba ikapunguzwa. Kuna vijana waliohama nyumbani ili wazazi wao wasikatiwe.

Oktoba 1936 wanaume 200 wa mji wa Jarrow, ambao kiwanda chao cha meli kilikuwa kimefungwa, walitembea karibu maili 300 hadi London kuomba kazi. Kumbuka: waliomba kazi, hawakuomba posho. Waliporudi wakakuta posho zao zimepunguzwa, kwa hoja kwamba walipokuwa njiani wasingeweza kupatikana kama kazi ingetokea. Kazi gani, katika mji ambao wameuacha kwa sababu hauna kazi?

Ripoti ya Beveridge ya 1942 na sheria zilizoanza kazi 1948 zilileta nafuu. Lakini ukosefu wa kazi uliporudi, masharti nayo yakarudi. Oktoba 1996 ilianza posho ya mtafuta kazi, ambayo mtu alitia sahihi mkataba wa atakayoyafanya kila wiki. Angeweza kupewa hadi wiki 13 za kutafuta kazi ya fani yake tu. Aliyekuwa na pingamizi la dini au la dhamiri kwa kazi fulani alisikilizwa pia, mradi bado ana matumaini ya kweli ya kuajiriwa. Kwa Muislamu aliyepelekwa kuuza pombe, kipengele hicho hakikuwa kidogo.

Mwaka 2012 adhabu ziliongezwa, na mtu angeweza kukatiwa hadi miaka mitatu. Muda huo ulipunguzwa kuwa miezi sita mwaka 2019. Mwaka 2022 muda wa kutafuta kazi ya fani yako ulishushwa kutoka miezi mitatu hadi wiki nne. Binti mmoja mwenye digrii ya jiolojia, aliyekuwa akijitolea katika makumbusho, mwaka 2011 alipelekwa kupanga bidhaa dukani bila mshahara ili asikatiwe posho. Alishtaki. Mwaka 2013 mahakama ziliamua kwamba kanuni zilizotumika hazikuwa halali, ingawa hazikukubali kwamba ile ilikuwa kazi ya kushurutishwa. Ujerumani nako, tangu 2005, karibu kazi yoyote halali ilihesabiwa kuwa inafaa, na Novemba 2019 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba kumkatia mtu zaidi ya asilimia 30 kwa kukataa kazi kunavunja utu wake.

Na je, adhabu hizi zinawaingiza watu kazini? Utafiti mkubwa wa vyuo vikuu vya Uingereza uliotolewa 2018 ulikuta kwamba zinasaidia kidogo sana, na wengi zinawasukuma kwenye madeni na maradhi ya mawazo.

Sisi tuchukue nini?

Usinielewe vibaya. Uislamu hautaki mtu akae kibarazani akingojea sahani. Katika Sunan ya Abu Daud imesimuliwa habari ya mtu wa Ansar aliyekuja kuomba. Mtume (S.A.W.) hakumfukuza, wala hakumwambia aende popote akafanye lolote. Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na nguo na chombo cha kunywea maji. Vikauzwa dirham mbili: moja ikanunua chakula cha watu wake, ya pili ikanunua shoka. Akaambiwa akakate kuni, akarudi baada ya siku 15 ana dirham 10.

Tazama mpangilio wake. Kwanza watu wake walikula. Kisha akapewa chombo cha kazi. Halafu ndiyo akatakiwa ajitahidi, na alichochuma kilikuwa chake. Kule Andover walianza na njaa.

Nchi yetu haina posho ya wasio na kazi. Lakini kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya hifadhi ya jamii, na kinaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Siku sheria ya namna hiyo itakapoletwa Bungeni, wewe msomaji ndiye utakayeulizwa maoni. Uliza maswali haya. Kazi ipi inahesabiwa kuwa inafaa, na kwa mshahara gani? Nani atakayethibitisha, ofisi au mwenye njaa? Na mtu akikatiwa, watoto wake watakula nini?

Hata kabla ya siku hiyo, mwezi huu tunatoa zaka. Kamati za misikiti yetu hugawa pesa na unga, na ni jambo jema. Lakini kijana aliyesomea umeme huenda anahitaji mashine ya kutobolea ukuta na leseni kuliko mfuko wa unga. Tumuulize kwanza anajua nini. Na akisema kazi fulani hawezi kuifanya, tumsikilize sababu yake kabla ya kumwita mvivu.

Allah atukubalie saumu zetu na atufungulie milango ya rizki ya halali. Wabillahi tawfiq.