Maktaba ya shule: ufunguo anao nani?

Mpenzi msikilizaji, juma hili tuzungumzie maktaba ya shule ya sekondari. Siku hizi ukiuliza wanafunzi wetu watasoma nini zaidi ya daftari la darasani, jibu huja upesi: kila kitu kimo kwenye mtandao. Ni kweli, vimo vingi. Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa mfano, ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Lakini mwanafunzi huyo huyo haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na akifika nyumbani simu ni ya baba na kifurushi kimekwisha. Vitabu vipo, msomaji yupo, katikati pana mlango uliofungwa. Mlango huo si mgeni kwetu. Una historia yake.

Turudi mwaka 1948. Mwaka huo serikali ya kikoloni iliunda shirika la East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, lihudumie Kenya, Uganda na Tanganyika. Pamoja na kuchapisha vitabu vya Kiswahili na vya lugha nyingine, shirika hilo lilituma masanduku ya vitabu shuleni na katika vituo vya jamii, na msomaji aliyekaa mbali aliweza kuazima kwa posta. Mpango ulikuwa mzuri, lakini sanduku halijifungui lenyewe. Lilimhitaji mtu wa kuandika majina ya wanaoazima, kukumbusha wanaochelewa, na kumwambia kijana: soma hiki kwanza, kile utakiweza mwakani.

Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha mwaka 1963 sheria iliyounda bodi ya huduma za maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam, ile iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Huo ndio mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Ndio pia mwaka ambao hesabu zilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, wapatao 67 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986, takwimu za serikali zilisema wasiojua walikuwa chini ya 10 katika kila 100.

Tulifikaje huko? Sisi watu wa redio tunapenda kujisifu kwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujifunza. Sifa hizo tuzipokee kwa kiasi. Redio peke yake ingeongea na kuta. Kila kikundi kilikuwa na vijitabu vya kusoma, na kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Viongozi hao walikuwa wapatao 75,000. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini aliyewaketisha watu chini ya mwembe, akawasomea na kuwauliza maswali, alikuwa jirani yao.

Kisha mambo yakawa magumu. Azimio la Musoma la 1974 lilifungua milango ya shule za msingi kwa watoto wote, na watoto wakaja kwa wingi. Vitabu havikuongezeka kwa kasi ile. Ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikaadimika, na pamoja nazo karatasi. Shule nyingi zikabaki na kabati la vitabu vilivyochakaa, na mwalimu mkuu akautunza ufunguo mfukoni kama mboni ya jicho lake. Tusimlaumu sana. Kilichopotea hakikurudi, na aliyetakiwa kujibu ni yeye.

Katika miaka ya 1990 palionekana nafuu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza nchini mwaka 1991, ulinunua nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzigawa kwenye maktaba za shule. Wenzetu wa Kenya nao, mwaka 1996, walianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa masanduku ya vitabu kwa ngamia. Sanduku la 1948 lilikuwa limepata miguu minne, lakini hata huko palikuwa na mkutubi aliyetembea nalo.

Mwaka 2004 ulianza mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari, zikaja shule za kata. Wananchi walichanga mawe, mchanga na fedha. Yalijengwa madarasa kwanza, na mwaka 2014 ikafuata mbio ya kujenga maabara. Maktaba haikupigiwa mbiu ya namna hiyo. Wakati huo huo, mkongo wa SEACOM ulikuwa umefika pwani yetu tangu Julai 2009, ukileta intaneti ya kasi. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalipelekwa kwa redio, televisheni na mtandao, na tofauti ikaonekana wazi: mwenye kifaa aliendelea, asiye nacho alisubiri kengele ya shule ilie tena. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa kwa walimu. Ni hatua njema. Bado mwanafunzi hana pa kukaa mbele ya kioo.

Basi chumba chenye kioo hicho kiwe maktaba ya shule. Si lazima kiwe jumba. Kompyuta chache zilizohifadhi vitabu ndani yake zinaweza kutumika hata intaneti ikikatika, ili mradi zisiwekwe ofisini kwa mkuu wa shule na kufunikwa kitambaa. Pawe na mwalimu wa maktaba aliyepunguziwa vipindi ili kazi hiyo aifanye mchana, si kwa hisani baada ya kengele ya mwisho. Pawe na kipindi cha maktaba kwenye ratiba, kama ilivyo hesabu. Na pawe na rejista, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaosema kwamba vifaa vitaharibika, na kwamba vijana watatazama upuuzi. Vitaharibika, ndiyo, kama majalada yalivyochanika. Lakini kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kilicholiwa na mchwa ndani ya kabati hakikumfaa mtu. Kuhusu upuuzi, kijana atautafuta zaidi akiwa peke yake na simu ya kuazima kuliko akiwa maktabani, mwalimu yupo na wenzake wapo.

Mzazi unayenisikiliza, kikao cha wazazi kijacho usiulize matokeo ya mtihani peke yake. Uliza maktaba hufunguliwa saa ngapi, na ufunguo anao nani. Ukijibiwa kwamba mwenye ufunguo amesafiri, ujue ni jibu la zamani sana, na mwanao ndiye anayelilipia.

Tuzungumze tena juma lijalo, Mungu akipenda.