Mboya na Argwings-Kodhek Mbele ya Mfanyakazi wa Nairobi, 1957

Uchaguzi wa Machi 1957 ulikuwa wa kwanza ambamo Waafrika wa Kenya walipiga kura kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8 tu. Ushindani wa Nairobi una mafunzo ya pekee kwa mwanahistoria wa wafanyakazi, kwa kuwa wagombea wawili wakuu, Tom Mboya na C. M. G. Argwings-Kodhek, walikuwa wamewatumikia wafanyakazi wa mji huo kwa njia zisizofanana hata kidogo.

Yafaa kwanza ieleweke hali ya mfanyakazi mwenyewe. Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa chini mjini ulikadiriwa kwa mahitaji ya kapera. Mke na watoto hawakuhesabiwa. Ilichukuliwa kwamba shamba la nyumbani litawalisha. Kamati ilipendekeza kiwango hicho kipandishwe polepole hadi kifikie mara mbili na nusu ya mahitaji ya kapera. Serikali ilikubali sehemu tu ya mapendekezo hayo.

Katika uwanja huu Mboya alikuwa na mengi ya kuonyesha. Alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Mji wa Nairobi, akaunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, wakati ambapo Makhan Singh na Chege Kibachia walikuwa wamekwisha kuwekwa kizuizini. Makuli wa Mombasa walipogoma mwezi Machi 1955, aliwashawishi warudi kazini ili madai yao yaamuliwe na baraza la usuluhishi. Wakapata nyongeza ya takriban theluthi moja. Hapana shaka nyongeza hiyo ilifika jikoni.

Utumishi wa Argwings-Kodhek haupimiki kwa shilingi. Yeye, wakili Mwafrika wa kwanza kufanya kazi hiyo nchini, aliwatetea mahakamani watu walioshtakiwa kwa makosa ya Mau Mau. Aprili 1954 msako mkubwa wa Nairobi ulikuwa umewazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wengi wao wafanyakazi, na kuwapeleka Manyani, Mackinnon Road na Lang'ata bila kuhukumiwa. Kwa mke wa mtu aliye Manyani, mazungumzo juu ya kima cha mshahara yalikuwa na maana gani? Mumewe hakuwa na kazi wala mwajiri wa kudaiwa.

Mboya alishinda kwa kura chache. Wote wawili walikuwa Waluo, hivyo ukabila, unaopendwa mno na wachambuzi wetu, hautoshi kueleza matokeo hayo. Sheria ya uchaguzi inaeleza zaidi. Mpiga kura mmoja aliweza kuwa na kura hadi 3 kwa kutegemea elimu, mapato, mali na sifa nyinginezo, nao Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji hati ya uaminifu kwa serikali kabla ya kuandikishwa. Kwa hiyo wale ambao Argwings-Kodhek aliwasimamia mbele ya hakimu ndio hasa waliofungiwa mlango wa kumpigia kura. Makuli walioongezewa mshahara na Mboya nao walikuwa Mombasa, katika jimbo la Ronald Ngala.