Sogora Hana Karatasi: Mdundiko, Kwaya na Mgeni Rasmi

Wasomi wetu wanapofundisha utunzi wa muziki wa papo kwa papo, aghalabu huanzia New Orleans. Sina ugomvi na jazi. Ni chuo kikubwa. Lakini mwanafunzi anayesoma Kibaha au Kisarawe ameketi katika ardhi ya Wazaramo, na Wazaramo wana mdundiko.

Mdundiko, ngoma ya kumtoa mwali, hautulii mahali pamoja, hutembea. Ngoma ndogo hushikilia mdundo usiobadilika, na juu yake sogora hutoka na kurudi apendavyo. Manju hutupa maneno, umati huitikia, na maneno hubadilika kadiri msafara unavyopita: hapa atasifiwa mwenye nyumba mkarimu, pale atachomwa bahili. Kinachojulikana mapema ni kiitikio tu. Hakuna, basi, awezaye kuyakagua maneno hayo kabla hayajaimbwa, na hapo ndipo muziki unapokuwa suala la siasa.

Shule ilikuja na utaratibu mwingine. Katika miaka ya 1920 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihama Kiungani, Zanzibar, kikaja Minaki, Kisarawe. Kwaya ya misheni ilipimwa kwa uaminifu wake kwa kilichoandikwa. Sibezi kazi ya Minaki, iliyolea walimu na watumishi wengi wa umma. Hata hivyo, kijana alijifunza pia, bila kuambiwa, kwamba muziki wa darasani una karatasi na ule wa kwao hauna.

Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge masikitiko yake kwamba tulifundishwa nyimbo za Wazungu badala ya za Wanyamwezi au Wahehe, na kwamba wengi walijua rumba kuliko gombe sugu. Akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Ngoma zikapanda jukwaani. Lakini duara likanyooshwa kuwa mstari unaomtazama mgeni rasmi, usiku mzima ukawa dakika chache, na maneno yakaandaliwa mapema yaisifu serikali na Chama. Nakiri kwamba bila sera ile ngoma nyingi huenda zingekufa. Lakini iliyookolewa ilikuwa mikogo ya mwili zaidi kuliko uhuru wa kinywa. Elias Songoyi, katika tasnifu yake ya mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwalinganisha waimbaji wawili, Mwinamila aliyeisifu dola na Kalikali aliyeikosoa. Mtumishi wa umma anayeshughulikia utamaduni angefaidika kuisoma kabla ya kuandaa sherehe nyingine.

Kwa historia hiyo, tamasha la wanafunzi nililohudhuria Kibaha hivi karibuni lilinishughulisha kuliko mikutano mingi ya hadhara. Vijana kumi na mmoja, wenye marimba, magitaa, filimbi na ngoma zilizoazimwa Kisarawe, walikuwa wamekubaliana mambo mawili tu: mdundo wa kuanzia na kiitikio. Mwanzo ulikuwa vurugu tupu. Kila mmoja alipiga kana kwamba wenzake hawapo. Mpiga ngoma mkuu akanyamaza. Ukimya wake uliwalazimisha wasikilizane, na aliporudi walikuwa wamempisha nafasi. Nidhamu ya aina hiyo haipatikani kwa kukariri.

Ndipo binti mmoja akashika umanju. Mgeni rasmi alikuwa amechelewa kwa saa nzima, na binti akakiimbia kiti chake: kina kitambaa cheupe, kina maji ya chupa, kina subira kuliko wananchi. Ukumbi ukaitikia. Katikati ya wimbo mgeni akaingia. Binti hakunyamaza, wala hakugeuka kumsifu. Alimkaribisha aketi, kisha akamuuliza kwa wimbo njia ilikuwaje. Mgeni alicheka, ingawa wasaidizi wake hawakucheka.

Wiki iliyofuata waandaaji waliombwa, kwa lugha ya heshima kabisa, wawasilishe maneno ya nyimbo zote siku saba kabla ya tamasha lijalo. Wanafunzi waliwasilisha kiitikio.