Nani aliona rezo ikikatika? Historia fupi ya ulinzi wa seva



Kila mtu hapa Kolwezi anajua: mgodi hauendi bila pampu. Pampu ikizimika, maji yanarudi, na hayangoji asubuhi. Mashimo ya Mashamba yenyewe yalijaa maji miaka ile kazi iliposimama. Ndiyo maana ku mgodi kuko mtu wa zamu usiku.

Seva nayo inahitaji mtu wa zamu. Lakini programu inayotengenezwa na watu wa kujitolea haina pesa ya kumlipa. Sasa, nani analinda?

Desemba 1983, Mmarekani Mike Muuss aliandika programu ndogo sana, akaiita ping. Jina alilitoa ku mlio wa sonar: sauti inatumwa majini, ikigonga kitu inarudi. Ping inauliza mashine ya mbali, "Uko?" Ikijibu, vizuri. Ikinyamaza, kuko shida. Mwaka 1999 Ethan Galstad alitoa NetSaint, ambayo toka 2002 inaitwa Nagios. Aliitoa bure. Programu hiyo inauliza yenyewe kila dakika chache, usiku na mchana, na jibu lisipokuja inamtumia mtu mesaji. Watu wa kujitolea wakapata mlinzi asiyelala.

Kwa nini ni jambo kubwa? Angalia Ushahidi. Januari 2008, Kenya ikiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao walijenga kwa siku chache ukurasa wa kukusanya habari za mashambulio kwenye ramani. Novemba mwaka uleule, programu hiyo ilitumika kwetu Congo, juu ya vita ya Kivu. Sasa fikiri: mtu anayekimbia risasi anatuma habari mara moja tu. Seva ikilala saa tatu na hakuna aliyeona, zile saa tatu hazitaingia kwenye historia.

Lakini mlinzi wa namna hii ana kasoro. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wetu, intaneti ilikatwa nchi nzima. Ilirudi karibu wiki tatu baadaye. Kuko mradi unaitwa OONI, ulioanza 2012: watu wa kujitolea wanapima kwa simu zao kama WhatsApp au ukurasa fulani umezuiwa. Kazi nzuri. Ila kipimo kinahitaji rezo ili kitoke. Rezo ikikatwa yote, mlinzi wa ndani anakuwa bubu. Anayebaki kuona ni yule wa inje, anayeuliza "Uko?" na hapati jibu.

Agosti 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari, katika korongo la mto Congo, ukakata kebo ya WACS, ile inayoingia nchini kwetu pale Muanda. Safari hii hakuna aliyetoa amri.

Sasa weka hayo matatu pamoja: seva imeanguka, amri imetolewa, kebo imekatika. Kwa mtu aliyeshika simu ku Kolwezi, yote yanafanana. Ukurasa haufunguki, basi. Kila mtu anatoa hadithi yake, na mwenye sauti kubwa ndiye anaaminiwa. Kinachotofautisha ni vipimo vilivyoandikwa, kutoka ndani na kutoka inje.

Kwa hiyo, wewe unayejitolea ku programu yoyote, hata ile ya chama cha masomo, chukua haya. Weka walinzi wawili, mmoja awe inje ya nchi. Alama ya hatari ipite njia nyingine, kama SMS, isitoke ku seva ileile inayolindwa. Usimwamshe mtu juu ya kosa moja. Ngoja mlinzi akose jibu mara tatu mfululizo, la sivyo watu watazima simu. Gawaneni usiku, mmoja asibebe peke yake.

Na mfungue daftari: tarehe, saa, sababu, nani alitengeneza. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Siku mtu atakapouliza nini kilitokea usiku ule, mtamwonyesha ukurasa.