Chupa ya Charles na Diana kwenye kabati la Baba Mdogo

Nianze na kisa cha nyumbani. Baba yangu mdogo alikuwa baharia wa Tanga, mmoja wa wale wa zamani waliozunguka bandari za dunia na kurudi na masanduku ya mabati. Pombe hakuwahi kuionja maisha yake yote. Lakini kwenye kabati lake la vioo, katikati ya vikombe vya wageni, ilikaa chupa ya wiski. Si ya kioo. Ni ya kauri nyeupe, ina umbo la kengele, na tumboni ina picha ya Charles na Diana. Tulipokuwa wadogo, ukisogeza mkono tu unasikia: "Mwanangu, hiyo usiiguse. Hiyo ni mali."

Alipofariki, watoto wake wakanipigia simu. Paa la nyumba linavuja. Wewe si ni mwandishi wa habari bwana, hebu tuulizie hiyo mali ya mzee inauzwa shilingi ngapi. Basi nikaingia kazini, nikitafuta bei. Nikajikuta nasoma historia.

Tuanze na chenyewe kinywaji. Zamani wiski ya Scotland ilikuwa ya kimea cha shayiri, na kila kiwanda kilikuwa na ladha yake. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara kama Andrew Usher wa Edinburgh wakaanza kuchanganya wiski za mapipa mbalimbali. Sheria ya mwaka 1860 ikarahisisha kuchanganya wiski ya kimea na ile nyepesi ya nafaka nyingine kabla ya kulipiwa ushuru. Faida ya mchanganyiko ni kwamba ladha inabaki ileile mwaka hadi mwaka. Johnnie Walker, Bell's na Chivas Regal zote zimepita njia hiyo.

Sasa fikiria uko upande wa muuzaji. Kama ladha ni ileile jana na leo, utamfanyaje mteja anunue chupa ya pili wakati ya kwanza haijaisha? Jibu moja ni kubadilisha chupa yenyewe na kuibandika tukio ambalo watu hawataki lipite hivihivi.

Bell's, kampuni ya mji wa Perth, iliujua mchezo huu vizuri. Jina lake lenyewe kwa Kiingereza linasikika kama kengele, na kengele ikawa umbo la chupa zake za kauri, zilizotengenezwa na kiwanda cha Wade cha Burslem, Uingereza. Charles na Diana walifunga ndoa tarehe 29 Julai 1981, chupa ikatoka. William akazaliwa 1982, chupa. Harry akazaliwa 1984, chupa. Mwaka 1986 Malkia Elizabeth alitimiza miaka 60 na mwanawe Andrew akaoa: chupa mbili. Kuanzia 1988 wakaongeza na za Krismasi, kila mwaka ya kwake. Ukishakuwa na tatu, unaitaka ya nne. Ndivyo mkusanyaji anavyozaliwa.

Na wakusanyaji wana elimu yao. Wiski haizeeki ndani ya chupa. Umri wake unahesabiwa ikiwa ndani ya pipa tu. Kwa hiyo chupa ya 1981 haijawa bora hata siku moja tangu ifungwe. Kauri nayo haionyeshi ndani, na kinywaji huweza kupungua taratibu kupitia kizibo, ndiyo maana wajuzi huipima chupa kwenye mizani kabla ya kutoa pesa. Wanataka muhuri uwe mzima na boksi lake liwepo.

Ya baba mdogo ina muhuri na boksi. Lakini tatizo ni moja: chupa hizi zilitengenezwa kwa wingi, na watu wengi walifanya kama yeye, wakaziweka bila kuzifungua wakiamini zitapanda bei. Kitu kilichotunzwa na kila mtu hakiadimiki. Kwenye minada ya Uingereza chupa kama hii huuzwa kwa makumi ya pauni, si maelfu. Paa haliezekwi hapo.

Wakati natafuta bei, nikakutana na chupa nyingine mbili zilizoninyima usingizi.

Ya kwanza ni Royal Salute ya Chivas Brothers. Ilizinduliwa tarehe 2 Juni 1953, siku ya kutawazwa Malkia Elizabeth. Jina linatokana na mizinga 21 ya heshima, na wiski yake ina umri usiopungua miaka 21. Ya pili ilitoka 2012 kuadhimisha miaka 60 ya utawala wake. John Walker & Sons walichanganya wiski zilizotengenezwa mwaka 1952, wakatoa chupa 60 tu za fuwele, kila moja kuanzia pauni 100,000. Faida ikapelekwa kwenye mfuko wa kuwaendeleza mafundi wa Uingereza.

Ngoja, 1952? Huo mwaka unatuhusu sisi wa huku. Tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth alikuwa Kenya, mgeni wa Treetops, ile hoteli ya juu ya mti karibu na Nyeri, baba yake alipofariki Uingereza. Umalkia ulimkuta kwenye ardhi ya Wakikuyu. Tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Aprili 1953 Jomo Kenyatta akahukumiwa Kapenguria miaka saba ya kazi ngumu. Miezi miwili haijaisha, London mizinga ikapigwa na Royal Salute ikafunguliwa. Mwaka 1954 Mau Mau wakaichoma Treetops. Kabla vita haijaisha, Wakenya zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa.

Yaani wiski ilipokuwa inalala kwenye mapipa kule Scotland, watu walikuwa wanalala kwenye kambi za vizuizi huku.

Mwaka 2013, mmoja tu baada ya zile chupa 60, serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso hayo na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za kesi zikiwa humohumo. Hata ukigawa zote bila kutoa gharama, mtu mmoja hafikishi pauni 4,000. Chupa moja ya jubilei ilizidi malipo ya wazee 25. Hesabu nimerudia mara tatu.

Simlaumu anayekusanya. Nimesoma maelezo ya wakusanyaji wengi, wanapenda vitu vyao kama wengine wanavyopenda stempu. Ila chupa ya kumbukumbu inakumbuka kile tu alichochagua mtengenezaji. Hii ya kabatini haijui kwamba wale wawili walitalikiana 1996, wala kwamba Diana alifariki Paris 1997. Wala haijui kwamba Julai 1981, London ikishangilia harusi, mama mdogo alikuwa kwenye foleni ya sukari na sabuni hapa Tanzania.

Bei nimewaambia ndugu zangu. Walinyamaza, halafu mkubwa wao akacheka: "Kumbe mzee alitulindia kengele." Paa tunalichangia ukoo mzima. Chupa imerudi kabatini, na pembeni yake mama mdogo ameweka kitabu cha ubaharia cha mumewe, chenye mihuri ya bandari zote alizopita.

Kama kwenu kuna kabati la namna hiyo, soma tarehe iliyo kwenye chupa. Kisha muulize mkubwa wa nyumba mwaka huo yeye alikuwa wapi, maana hilo halikuandikwa kwenye kauri.