Beni: Ngoma Iliyosafiri na Askari na Makarani

Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walianza kucheza beni: walivaa sare, wakatembea kwa gwaride, wakapuliza matarumbeta na kupeana vyeo vya kijeshi. Kufikia miaka ya 1930 mtindo huo ulikuwa umevuka Tanganyika na kufika kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Wakoloni wengi waliuona kuwa ni kumwiga Mzungu tu. Hukumu hiyo haitoshi. Jambo geni huota mizizi pale linapokidhi haja ambayo watu walikuwa nayo tangu zamani.

Pwani, haja hiyo ilikuwa mashindano. Huko Lamu, mitaa ya Mkomani na Langoni ilikuwa na desturi ya kushindana kwa ngoma, mashairi na karamu, na beni iliupa ushindani huo vazi jipya. Vyama viwili mahasimu, Marini na Arinoti, vikaenea mji hadi mji. Vita vya 1914–1918 viliwatawanya askari, makarani na wapagazi mbali na kwao, na mwanachama aliyeingia mji wa ugenini aliweza kupata wenyeji wa kumpokea, kumsaidia akiugua na kumzika akifa. Ngoma ilisafiri kwa sababu udugu ulisafiri nayo.

Atauliza mtu: kama si kuwaiga wenye nguvu, kwa nini sare na vyeo vya jeshi? Ni kweli kwamba fahari ya dola iliwavutia vijana. Lakini fahari hiyo haielezi mabadiliko yaliyofuata. Katika kalela, ngoma ya ukoo huohuo ambayo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliiandikia kitabu mwaka 1956, wachezaji wa mji wa migodi wa Luanshya, huko Rhodesia ya Kaskazini, walivaa nguo nadhifu za mjini, wakawa na “daktari” na “nesi” wao, na wakaimba kujisifu na kuyatania makabila mengine. Mwigaji mtupu asingeibadilisha ngoma kiasi hicho. Hawa waliiunda upya ili ijibu maisha ya mgodini. Watawala nao walilihisi hilo: baada ya mgomo wa wachimbaji wa 1935, tume ya uchunguzi ilihoji nafasi ya chama cha mbeni, kama beni ilivyoitwa huko. Kama ungekuwa mchezo wa kuiga tu, tume isingekuwa na la kuhoji. Anayetaka desturi mpya ikubalike leo, ya afya au ya kilimo, aanze kwa kuuliza ni udugu gani utakaoibeba, na ni haja gani ya wenyeji itakayotimizwa nayo.